Kujifunza istilahi za ushairi na msamiati mgumu wa Kiingereza kwa kuanzia kwenye Kiswahili chako

Mwanafunzi wa kidato cha tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), yuko kwenye kipindi cha Kiingereza. Ubaoni pameandikwa: "Comment on the poet's use of enjambment." Anaandika kichwa cha habari, anakipigia mstari, kisha kalamu inasimama. Baada ya mapumziko anaingia kipindi cha Kiswahili, mwalimu anauliza mistari mishata ni ipi, na mkono wa mwanafunzi yuleyule ndio wa kwanza kunyooka. Anaeleza vizuri, anatoa na mfano. Kumbe aliulizwa jambo lilelile mara mbili siku moja, na hakuna aliyemwambia.

Nimeliona hili kwa vijana wengi ninaowasaidia fasihi, ndiyo maana naandika. Wengi wanadhani hawana akili ya ushairi wa Kiingereza, na dhana hiyo inaniuma, kwa sababu ushairi wanaujua. Walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari ambako karibu kila somo ni Kiingereza, na fasihi ikagawanyika katika makabati mawili yasiyofunguliana. Mwongozo huu unafungua mlango kati ya makabati hayo. Utamfaa mwanafunzi wa kidato cha tatu hadi cha sita Tanzania, na wa Kenya pia, ambaye naye anakutana na ushairi katika lugha zote mbili.

Andaa kaunta buku moja ambalo halitatumika kwa kazi nyingine, penseli, na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza inayoonyesha matamshi. Hakikisha hasa kwamba kamusi hiyo inaweka alama ndogo ya mkazo, kijistari kilichosimama juu kabla ya silabi yenye nguvu. Utaona baadaye kwa nini nasisitiza. Tafuta pia mahali ambapo unaweza kusoma kwa sauti bila aibu, hata kama ni chini ya mwembe nyuma ya bweni.

Hatua ya kwanza: andika unachokijua tayari

Fungua ukurasa wa kwanza wa kaunta, uugawe katikati kwa mstari. Kushoto andika istilahi za Kiswahili unazozikumbuka bila kutazama popote. Kulia andika mwenzake wa Kiingereza. Tashbihi ni "simile". Sitiari ni "metaphor". Tashihisi ni "personification". Mubalagha, au chuku, ni "hyperbole". Tafsida ni "euphemism". Kinaya ni "irony". Tanakali sauti ni "onomatopoeia". Takriri ni "repetition". Taswira ni "imagery". Kibwagizo ni "refrain". Nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, ni "persona" au "speaker". Dhamira ni "theme", na ujumbe ni "message". Mtahini wa Kiingereza hutofautisha hivyo viwili kama anavyovitofautisha wa Kiswahili, kwa hiyo usijibu kimoja ulipoulizwa kingine.

Ukimaliza, hesabu. Wengi hupata kumi na zaidi kwa mkao mmoja. Hizo huna haja ya kuzijifunza upya. Unachotakiwa kukariri ni jina tu, na jina ni mzigo mwepesi.

Kuna jozi moja ninayoipenda sana. Neno "apostrophe" huwachanganya wanafunzi kwa sababu wanalijua kama alama ya uandishi, kisha wanakutana nalo katika ushairi likiwa na maana ya kumwita asiyekuwepo, au kuzungumza na kifo, bahari au mwezi kana kwamba vinasikia. Sasa tazama Kiswahili. Ritifaa ni ile alama iliyo katika ng'ombe na ng'ambo, na ritifaa ni tamathali ya kusema na asiyekuwepo. Lugha zote mbili zimetumia jina moja kwa mambo yaleyale mawili. Mwanafunzi akishaliona hili, halimtoki tena.

Chini ya ukurasa acha nafasi ya istilahi zisizo na mwenzake wa kawaida. "Conceit" ni mojawapo. Katika mazungumzo ni majivuno, lakini katika ushairi ni sitiari iliyovutwa mbali sana, ikilinganisha vitu ambavyo hukutarajia vikutane, kama wapenzi wawili na bikari ya kuchorea duara. Nyingine ni "foot". Hapa si mguu wa mtu, ni kipimo kimoja cha mapigo ndani ya mshororo. Hizi ziandike kwa rangi tofauti, maana ndizo zinazohitaji jasho.

Hatua ya pili: uliza neno limetoka wapi

Istilahi ngumu hukaa kichwani zaidi ukijua picha iliyomo ndani yake. "Enjambment" ni ya Kifaransa, na asili yake ni kitendo cha kupiga hatua kuvuka kitu. Sentensi inapiga hatua kutoka mwisho wa mshororo mmoja kuingia mshororo unaofuata, haisimami mlangoni. "Caesura" ni Kilatini, maana yake kukata. Ni kituo katikati ya mshororo. Wewe mzoefu wa mashairi ya Kiswahili unalijua pigo hilo, kwa sababu mshororo wetu wa mizani kumi na sita hukatwa katikati, nane za ukwapi na nane za utao. "Metaphor" ni Kigiriki, na ndani yake mna wazo la kubeba kitu kukivusha ng'ambo. "Verse" inatokana na neno la Kilatini la kugeuka, likihusishwa na mkulima anayefika mwisho wa tuta na kugeuza plau kuanza tuta jingine.

Nzuri kuliko zote ni "stanza". Kwa Kiitaliano ni chumba. Nasi tunasema ubeti, neno lililotokana na "bayt" la Kiarabu, ambalo ni nyumba. Waitaliano na Waarabu, kila mmoja kwa njia yake, waliliona shairi kama jengo ambalo msomaji anaingia na kutoka. Ukiulizwa kwa nini mshairi ameanza "stanza" mpya mahali fulani, jiulize ametoka chumba gani na ameingia kipi. Humo kimebadilika nini? Wakati? Anayesema? Hisia? Hapo jibu lako limeshaanza kuandikika.

Hatua ya tatu: zoeza sikio mkazo

Hapa ndipo Kiswahili chako kinapoacha kukusaidia na kuanza kukupoteza, kwa hiyo hatua hii ipe muda kuliko nyingine zote. Mimi huwapa wanafunzi wiki nzima.

Ushairi wetu wa kimapokeo huhesabu silabi, na mizani ni idadi yake. Tazama mshororo huu niliouunda kwa ajili ya mfano:

Taa imezima ndani, mvua ingali mbali.

Ta-a-i-me-zi-ma-nda-ni ni nane. M-vu-a-i-nga-li-mba-li ni nane. Mizani imetimia, basi. Hakuna anayeuliza silabi ipi ni nzito, kwa kuwa katika Kiswahili mkazo una makao yake: silabi ya pili kutoka mwisho. Isipokuwa maneno machache. Sema barabara ya kwenda mjini, kisha sema kazi imefanyika barabara. Umesikia mkazo ulivyorudi nyuma katika la pili? Kumbe sikio lako linaweza kusikia mkazo ukibadilisha maana. Limekosa mazoezi tu.

Kiingereza kinahama mkazo kila mara. Sema "photograph": nguvu iko mwanzo. Sema "photographer": imehamia silabi ya pili. Sema "photographic": imekwenda ya tatu. Neno "record" likiwa nomino linabonyezwa mwanzo, likiwa kitenzi linabonyezwa mwisho. Ushairi wa kimapokeo wa Kiingereza umejengwa juu ya kubonyeza huko. Haitoshi silabi ziwe kumi, ni lazima dhaifu na zenye nguvu zipishane kwa mpango.

Soma mshororo huu kwa sauti, upige meza kila penye herufi kubwa:

the LAMP went OUT beFORE the RAIN had COME

Silabi kumi, mapigo matano. Kila pigo lina silabi dhaifu mbele yake, na jozi hiyo ya dhaifu kisha nguvu ndiyo "iamb". Zikiwa tano katika mshororo tunasema "iambic pentameter". "Penta" ni tano, sawa na katika "pentagon". Jozi ikianza na nguvu kisha dhaifu ni "trochee". Hizo mbili zielewe kwa sikio kabla ya kugusa "anapest", ambayo ni dhaifu mbili kisha nguvu, na "dactyl", ambayo ni kinyume chake.

Tahadhari mbili. Ya kwanza ni kuhesabu silabi kwa macho. "Evening" inaonekana kuwa na tatu, lakini hutamkwa mbili. "Learned" likiwa kitenzi ni moja. "Strength", pamoja na msitu wote ule wa konsonanti, ni silabi moja. Ulimi uliozoea kuweka irabu baada ya kila konsonanti huifanya tatu au nne, na hesabu yote inaharibika. Ya pili ni kudhani mpango haubadiliki. Mshairi mzuri huuvunja mahali anapotaka ushtuke. Ukiona pigo limekaa pabaya, usilifiche. Andika kwamba limevunjika, kisha uliza neno gani limeangukia hapo.

Zoezi ni hili: kila siku chukua mishororo minne ya shairi lenu la darasani. Tafuta mkazo wa kila neno refu kwenye kamusi, uweke alama kwa penseli, kisha soma ukipiga meza. Siku tatu za mwanzo utajiona unakosea kila kitu. Mkono utaanza kujua kabla yako.

Hatua ya nne: vina si herufi

Katika Kiswahili kina ni silabi, na tunaandika tunachosikia, hivyo jicho na sikio hukubaliana. Kiingereza kimeyatenganisha. "Love" na "move" yanafanana machoni lakini hayaoani sikioni, na huo huitwa "eye rhyme". "Sail" na "pale" hayafanani machoni lakini ni vina kamili. Tena kina cha Kiingereza huanzia kwenye irabu yenye mkazo wa mwisho na kwenda hadi mwisho wa neno. Kwa hiyo "city" na "pity" ni vina, lakini "city" na "duty" havitoshi, ingawa kwa kanuni yetu silabi ya mwisho "ti" ingetosheleza kabisa. Vina vya nusunusu, kama "home" na "come", huitwa "half rhyme" au "slant rhyme", na mara nyingi mshairi amevitumia makusudi.

Mpangilio wa vina, yaani "rhyme scheme", uandike kwa herufi: sauti ya kwanza A, mpya B, na kuendelea. "Sonnet" ya mtindo wa Shakespeare ina mishororo 14 yenye ABAB CDCD EFEF GG. Ile ya Petrarch hugawanyika nane na sita, na kati ya nane na sita ndipo hoja hugeuka. Mgeuko huo huitwa "volta".

Hapohapo tenganisha ndugu wawili wanaochanganywa kila mtihani. "Blank verse" ina mapigo lakini haina vina. "Free verse" haifuati utaratibu maalumu wa mapigo wala wa vina. Ukiita "blank verse" guni utakuwa umeitukana bure, kwa sababu guni ni shairi lililotaka kufuata kanuni likashindwa. Kwa "free verse" kumbuka mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi na mjadala mkali uliozuka miaka ya 1970 kuhusu kama mashairi ya namna hiyo ni mashairi. Tamthilia za Shakespeare kwa sehemu kubwa ni "blank verse". Mwalimu Nyerere alizitafsiri mbili kwa Kiswahili, moja ikatoka 1963 na nyingine 1969. Ukipata moja ya tafsiri hizo maktaba, iweke kando ya Kiingereza chake usome ukurasa kwa ukurasa. Sijui njia tamu kuliko hiyo ya kujifunza Kiingereza cha kale.

Hatua ya tano: msamiati mgumu, kwa mizizi na kwa hadhi

Usikariri orodha ya maneno mia. Jifunze maneno matano kwa siku, lakini yajifunze kweli.

Anza na mizizi. Wewe unajua kwamba -pend- huzaa penda, upendo, mpenzi, mapenzi, kipenzi, pendeza. Kiingereza cha kisomi nacho kina mizizi, mingi kutoka Kilatini na Kigiriki. "Bene" ni wema na "mal" ni ubaya. "Vol" ni kutaka, "dict" ni kusema. Basi "benevolent" ni mwenye kutakia mema, "malevolent" mwenye kutakia mabaya, "benediction" ni baraka inayotamkwa, "malediction" ni laana. Mizizi minne imekupa maneno manne. "Voc" na "vok" ni sauti au wito, ndiyo maana "evoke" ni kuamsha hisia kwa kuita, "invoke" ni kuomba kwa kuita, "provoke" ni kuchokoza. "Ambi" ni pande zote mbili: "ambiguous" ni lenye maana zaidi ya moja, "ambivalent" ni mwenye mawili moyoni. Kiambishi "un" mbele ya kitenzi kinafanya kazi ya kauli yetu ya kutendua: funga, fungua, "tie", "untie".

Kisha hadhi. Mwaka 1066 Wanormani walioongea Kifaransa waliiteka Uingereza, na kwa miaka mingi Kifaransa kikawa lugha ya mabwana. Maneno ya Kiingereza yakapangika kwa matabaka. "Ask" ni la wenyeji wa zamani, "question" limepitia Kifaransa, "interrogate" ni la Kilatini. Kuuliza ni kulekule, lakini la kwanza ni la nyumbani na la tatu ni la kituo cha polisi. "Kingly", "royal" na "regal" ni hivyohivyo. Kwetu pia mtu na insani ni yuleyule, lakini malenga akiandika insani ametuvalisha kanzu. Ukikutana na neno gumu katika shairi, usiishie kuuliza maana yake. Uliza kwa nini mshairi hakutumia lile jepesi. Uchaguzi huo wa maneno ndio unaoitwa "diction".

Vilevile kuna rangi ya neno. "Smell" haipendelei upande sana. "Fragrance" ni manukato. "Stench" ni uvundo. Maana ya kamusi ni "denotation", rangi yake ni "connotation". Kiswahili tuna shombo, harufu ya samaki peke yake, na Kiingereza hakina neno moja la kuitosha. Mtoto aliyekua pwani ana pua yenye msamiati, na pua hiyo inafaa sana darasani.

Kila neno jipya liandikie vitu vinne: mkazo wake, mzizi wake, sentensi uliyolikuta, na sentensi yako mwenyewe kuhusu jambo la maisha yako. Hiyo ya nne ndiyo wanafunzi huiruka, na ndiyo inayolibakiza neno. Kisha lirudie kwa kuachia nafasi: kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki tatu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka mwanzoni. Kurudia kwa nafasi hukamata neno kabla halijadondoka. Unaporudia, funika maana kwa kiganja ujaribu kuikumbuka kwanza. Kusoma tu tena na tena kunadanganya, maana macho hulitambua neno ambalo ulimi hauwezi kulitoa.

Hatua ya sita: maneno ya toni

Swali la "tone" huangusha wengi kwa sababu wana maneno mawili tu, "happy" na "sad". Tenga ukurasa mzima. "Melancholy" ni simanzi tulivu inayokaa. "Wistful" ni kutamani kwa huzuni kitu ambacho huenda hakitakuja. "Nostalgic" ni kutamani yaliyopita. "Elegiac" ni ya maombolezo, kama anayeaga kwa buriani. "Sombre" ni zito, la kikao cha msiba. "Resigned" ni ya aliyesema basi, yaishe. "Indignant" ni hasira ya aliyedhulumiwa, si hasira yoyote. "Defiant" ni ya anayekataa kupiga magoti. "Reverent" ni ya anayevua viatu mlangoni. "Sardonic" ni kejeli chungu.

Kwa kila moja kumbuka mtu unayemjua alipokuwa katika hali hiyo, sauti yake ilivyokuwa. Shangazi yangu anapozungumzia kisima cha kijiji alichokulia, sauti yake ni "wistful" tupu. Siwezi tena kulisahau neno hilo.

Hatua ya saba: lichambue shairi moja hadi liishe

Haya ni mishororo minne niliyoiandika ili tusilazimike kuazima ya mtu:

The harbour holds its breath. A single sail
unpicks the evening, slowly, thread by thread.
My father's hands were maps. The roads grew pale
before I learned how maps were to be read.

Soma mara ya kwanza bila kalamu. Nini kinatokea? Bandari imetulia, tanga moja linapita, jioni inakwisha. Anayesema anamkumbuka baba yake na mikono yake. Alichelewa kuielewa. Ukishindwa kusema hivyo kwa sentensi mbili za Kiswahili, usiguse istilahi bado.

Mara ya pili, kwa sauti na meza. Mapigo matano kila mshororo. Lakini katika wa mwisho, pigo la nne linaangukia "to", kijineno dhaifu, na sauti inalegea hapo kabla ya kufika "read". Soma tena usikie. Na hilo "read" hapa hutamkwa kama "red", kwa hiyo linaoana na "thread". Aliyelitamka kwa sauti ya wakati uliopo amepoteza kina na kisarufi amepotea pia. ABAB.

Mara ya tatu, kwa penseli. "Holds its breath" ni tashihisi: bandari inabana pumzi kama mtu anayesubiri habari. Baada ya "breath" kuna kituo, "caesura", na msomaji naye anabana pumzi. Sauti ya h inajirudia katika "harbour holds", s katika "single sail", na huko ndiko "alliteration", takriri ya konsonanti za mwanzo. Mwisho wa mshororo wa kwanza hauna alama, sentensi inavuka: "enjambment". Inatuacha na tanga tukisubiri litafanya nini. "Unpicks" ni kufumua, uzi baada ya uzi. Fuma, fumua. Jioni imekuwa nguo, na kinachofumuliwa hakirudi kilivyokuwa. "Hands were maps" ni sitiari, na "roads" inaiendeleza: mikunjo na mishipa ya kiganja ni barabara. Zinafifia. Mzee anakufa, au ameshakufa, na shairi halitamki neno hilo hata mara moja.

Sasa toni. "Sad" ni kweli lakini ni hafifu. Naona "elegiac", yenye majuto. Wewe ukisema "wistful" sitakupinga ukinionyesha neno lililokupeleka huko.

Hatua ya nane: andika jibu

Kosa kubwa ni kuorodhesha: kuna sitiari, kuna tashihisi, kuna takriri, mwisho. Kutaja jina ni mwanzo tu wa jibu. Mwanafunzi ataje mbinu, adondoe maneno, kisha aseme yanamfanya nini msomaji. Kwa mfano:

"The persona compares the father's hands to maps, which suggests that they held knowledge he could have followed. The enjambment after 'pale' delays the confession that he learned too late, so the reader feels the regret arrive slowly."

Angalia vitenzi. "Suggests" badala ya "shows", kwa sababu shairi linadokeza. Weka akiba ya vitenzi vya namna hiyo: "conveys", "evokes", "implies", "underscores", "juxtaposes". Kila kimoja kina kazi yake. "Juxtaposes" hutumika tu vitu viwili vinapowekwa ubavu kwa ubavu ili tofauti yao ionekane, usiitupe popote. Angalia pia "the persona". Usiseme mshairi alifiwa na baba. Aliyefiwa ni nafsineni, na mwalimu wako wa Kiswahili amekwambia hilo mara ngapi.

Maneno makubwa yasiyo na kazi yaondoe. Jibu lenye "suggests" mahali pake lina thamani kuliko lenye "plethora" tatu.

Usiku wa kuamkia mtihani usifungue kurasa mpya. Chukua shairi moja ambalo umeshalichambua, ulisome kwa sauti mara mbili ukipiga meza, ufunge kaunta, ulale.